Jina Moja, Viazi Viwili

Mtu asiwadanganye kwamba kazi ya kukusanya mimea inahitaji macho makali. Inahitaji magazeti. Macho unaweza kuazima kwa mwenzako. Gazeti hakuna anayekuazima, maana anajua litarudi na utomvu.

Nawaandikia nyie vijana mnaosomea mimea, mliokuja kwangu hapa Mpanda na simu zenu, mkapiga picha kichaka kilichoota nyuma ya choo, simu ikawatajia jina, mkafurahi. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa wageni na mlikuwa mmeleta sukari. Jina mlilopewa lilikuwa la mmea mwingine kabisa. Siwacheki. Simu yenu ilifanya kosa ambalo mimi nililifanya bila simu, na langu lililaza watu watatu zahanati.

Naitwa Yustina. Kwetu ni Karema, ziwani, na nyumbani tulisema Kibende. Kiswahili na mwandiko nilivipata kwa masista wa misheni, ambao waliamini kwamba herufi iliyolala vibaya ni dalili ya roho iliyolala vibaya. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, na ofisi moja ya misitu hapa Mpanda ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika vibandiko. Kibandiko ni kile kikaratasi kinachoambatana na mmea uliokaushwa, kinachosema ni nini, umetoka wapi, na nani aliuchuma. Aliyenitangulia aliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Nikachukuliwa kwa ajili ya mwandiko peke yake. Mmea niliokuwa naufahamu vizuri wakati ule ulikuwa muhogo.

Aliyenipokea ni Mzee Alfonsi, mkusanyaji wa ofisi, Mkonongo mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua la Oktoba. Hakuniuliza habari. Aliweka kijitawi mezani akasema, "Andika unachokiona."

Nikaandika: majani matatu.

Akayatazama yale maneno. "Mwandiko mzuri," akasema. "Umekosea."

"Ni matatu, mzee. Nimehesabu."

"Hilo ni jani moja." Akanionyesha kikonyo kimoja kilichotoka kwenye kijiti, kikagawanyika huko mbele vipande vitatu. "Jani linaanzia pale penye chipukizi. Chipukizi liko hapa, chini ya kikonyo. Huku mbele hakuna. Kwa hiyo hivi vitatu ni vidole vya mkono mmoja. Ukikutana na mtu barabarani unasema ana mikono kumi?"

Nikasema hapana.

"Haya. Umeajiriwa."

Baadaye nikaja kujua kwamba hakuwa na mamlaka ya kumwajiri mtu yeyote.

Kazi yenyewe iko hivi, na simu haijaibadilisha sana. Unakuwa na mbao mbili zilizotobolewa matundu na mikanda miwili ya kuzikaza. Sisi tuliita ubano. Mmea unaulaza ndani ya gazeti kama mtu aliyechoka, usiulazimishe, lakini jani moja uligeuze tumbo juu, maana siri za jani ziko upande wa ndani kama za nguo. Siku tano za kwanza unabadilisha magazeti kila siku. Wakati wa mvua unaukausha juu ya jiko la mkaa, moto mdogo, la sivyo utafungua gazeti ukute ukungu. Kiazi au tunda nene unalikatakata vipande. Halafu, na hapa ndipo vijana wengi mnapoteleza, unaandika papo hapo vitu ambavyo mmea ukikauka utavisahau: rangi ya ua, harufu, maziwa yanayotoka ukikata, urefu, kama mbuzi wanaula. Unaandika kwa penseli. Wino ukinyeshewa unakuwa ziwa.

Magazeti yalikuwa vita. Mkuu wetu, Bwana Mashauri, alilisoma gazeti kuanzia jina lake juu mpaka anwani ya mchapaji chini, na halikutoka mikononi mwake kabla halijaisha. Nalo lilifika kwa treni kutoka Tabora likiwa tayari limezeeka. Ua halingoji mtu amalize kusoma. Siku moja Mzee Alfonsi alibana mimea kumi na minne ndani ya gazeti ambalo mkuu alikuwa amefika ukurasa wa tatu. Bwana Mashauri hakugomba. Kwa wiki nzima alikuja chumbani kwetu kila asubuhi, akafungua ubano, akasoma safu moja, akaufunga tena na kukaza mikanda. Sijawahi kuona mimea iliyokauka vizuri kama ile, maana ilipata hewa.

Kila mmea tulichukua nakala tatu. Moja ilibaki kwetu, mbili zilifungwa kwenye boksi na kwenda kwa treni mpaka zifike kwenye hifadhi kubwa ya mimea mikavu, kwa wataalamu. Baada ya miezi barua inarudi na jina la Kilatini. Mzee Alfonsi utotoni alikuwa mtumishi wa altareni, na Kilatini alikijua cha misa tu. Alisimama, akavua kofia, akayasoma yale majina kwa sauti ya padri. Mara ya kwanza niliitikia "Amina" kabla sijajizuia. Hakucheka. Aliendelea na mmea uliofuata.

Siku moja nilimuuliza faida yake nini, wakati kila mtu kijijini anaujua mti wake.

"Kila mtu anaujua mti wake," akasema. "Tabu inaanza wanapokuwa watu wawili."

Msidhani yeye hakukosea. Aliwahi kuchuma mti wa mtundu mara nne katika mwaka mmoja, kila mara akiamini ni mti mpya: ukiwa na majani mekundu machanga, ukiwa na majani ya kijani, ukiwa na maua, ukiwa na maganda. Akaupa namba nne tofauti. Barua ikarudi na jina lilelile mara nne, na chini mtaalamu ameandika, "Tunashukuru. Sasa tunao." Alfonsi aliibandika barua hiyo ukutani mbele ya meza yake. Nilimuuliza kwa nini anajidhalilisha. Akasema mti una haki ya kubadili nguo. Anayelipwa kuutambua ni yeye.

Na kuna kosa lisilo la mtu. Huko milima ya Mwese, ambako tulipanda kwa miguu siku mbili, tulikuta kimmea kidogo katika ufa wa mwamba, majani manene kama ulimi wa ndama, hakina ua. Tulikituma hivyohivyo. Jibu likaja: hakifanani na chochote tulicho nacho, tafadhali leteni chenye maua. Wataalamu hawakuwa na mazoea ya kusema tafadhali. Mvua zilipofika tukarudi. Mteremko wote ulikuwa umelimwa maharage, mpaka kwenye mwamba. Mwenye shamba alikuwa mtu mkarimu, akatupa chakula. Alfonsi akamweleza mmea tunaoutafuta.

"Aa, lile gugu," akasema yule bwana kwa furaha. "Lilinisumbua! Lakini nimeling'oa lote. Halirudi tena."

Alfonsi akampongeza kwa maharage yake, na kweli yalikuwa maharage mazuri. Tukazunguka milima ile siku nne. Mmea ule mpaka leo, kwa ninavyojua mimi, ni namba tu kwenye boksi.

Sasa kosa langu.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vipya. Familia zilizozaliwa kwenye mlima zilijikuta mbugani, za mbugani zikajikuta msituni, na mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa mafupi kama watoto wa chekechea. Wilaya ikaiomba ofisi yetu orodha ya vyakula vya porini, ili mtu aliyehamia mahali asipopajua aweze kuvuka mpaka mvua. Bwana Mashauri alifurahi sana. Alikuwa mtu aliyeamini kilichopigwa chapa. Alfonsi alikuwa Inyonga anakusanya maua ya nyuki, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikavitoa vibandiko vyangu, nikapiga taipu, nikatoa nakala arobaini kwa stensili, zikagongwa muhuri, zikasambazwa.

Namba tisa katika orodha ilikuwa kiazi pori. Niliandika jina lake, halafu: "Menya, chemsha kama muhogo, kula."

Kiazi hicho nilikichuma mwenyewe Mwese, mwishoni mwa masika, majani yakianza kuwa ya njano. Mama mmoja alikichimba, akakichemsha, tukala wote. Kilikuwa kitamu. Aliponitajia jina moyo wangu uliruka, maana ndilo jina ambalo mama yangu alikiita. Jina lenyewe silitaji hapa. Nimeshasababisha ya kutosha nalo. Kwenye kibandiko kulikuwa na mstari wa jina la wenyeji, na pembeni yake mstari mfupi: lugha. Huo nikauacha wazi. Haukuwa uvivu. Nilikuwa najaza mistari ya lugha za watu wengine kila siku, Kikonongo, Kipimbwe, Kisukuma. Lakini kwangu mimi lile halikuwa neno la Kibende. Lilikuwa jina lake.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mtu wa baiskeli akaingia ofisini na barua kutoka kijiji kimoja kipya upande wa Mpimbwe. Katibu wa kijiji alikuwa anaarifu kwamba mwalimu wa shule, mke wake na mama mkwe wake wamelazwa zahanati ya misheni baada ya kula kiazi cha serikali.

Bwana Mashauri akaisoma mara mbili. "Serikali haiwezi kumlisha mtu sumu," akasema. Akafikiri. "Nani alipiga taipu?"

Alfonsi alikuwa amerudi juzi yake. Akafungua kabati, akatoa karatasi yangu ya mmea, akaiweka kando ya orodha. Nilimwona kidole chake kikitambaa kwenye kibandiko mpaka kwenye ule mstari mtupu, kikasimama.

"Jina hili umelitoa wapi, Yusta?"

"Ni jina lake, mzee."

"Kwa nani?"

"Kwetu."

Akavua kofia, akaikunja. "Kwenu ni hiki cha jani zima. Kwa Wapimbwe jina hilohilo ni la kile cha vidole vitatu. Kile wanakikata vipande, wanakiloweka kwenye maji yanayopita siku nne, tano, ndipo wanakipika, na hapo ni mwaka wa njaa tu. Ukikichemsha kama muhogo kinakukaba koo, kinakulegeza miguu, kikitaka kinakuzima pumzi."

Ingekuwa afadhali angegomba.

Tukaenda. Gari la ofisi lilitufikisha nusu ya njia, kwingine tukatembea, na njia nzima nilikuwa najaribu kukumbuka kama barua ilisema wamelazwa au walilazwa. Niliona tofauti kubwa kati ya maneno hayo.

Mwalimu Theofili alikuwa kijana kutoka Kilimanjaro, mwaka wake wa kwanza kazini. Tulimkuta ameketi kitandani, uso kama jivu. Alikuwa anazungumza taratibu kwa sababu ulimi bado ulikuwa mzito. Orodha ilifika shuleni, akawasomea wanafunzi, akaona vema aonyeshe mfano. Hakujua kiazi hicho kikoje, na kiangazi kile majani yote yalikuwa yamekwisha kudondoka. Kwa hiyo akamtajia jirani yake, Mama Kristina, mkulima wa pale, lile jina. Mama Kristina akamletea kikapu kizima, akishangaa kidogo.

"Nilijua mwalimu anajua kukiloweka," Mama Kristina alituambia, naye alikuwa amekaa pale zahanati tangu siku ya kwanza, hataki kuondoka. "Amesoma."

"Na mimi nilijua karatasi inajua," akasema Mwalimu. "Ina muhuri."

Mke wake, Anna, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa amelala upande wa ukuta. Sista wa zahanati alituambia kwamba kwa siku mbili dada huyo hakuweza kuinua mkono, sasa anainua. Kuhusu mtoto, tungoje. Nilimuuliza tungoje nini. Akasema, "Acheke." Sikuelewa. Kiswahili chake kilikuwa cha ugenini; alimaanisha mtoto, acheze.

Mama mkwe, bibi mnene mwenye sauti, ndiye aliyepona upesi. Alisema alipoonja aliona uchungu, akataka kutema, lakini ni chakula cha mkwe, angetemaje? Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, karatasi ile niliiandika mimi."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe ndiye uliyetaka kuniua?"

"Sikutaka, mama. Lakini ndiye mimi."

"Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Afadhali," akasema, akageukia ukuta.

Asubuhi ya pili mtoto alicheza. Anna aliuchukua mkono wa mama yake akauweka tumboni, na yule bibi aliyekuwa hanyamazi akanyamaza. Mimi nilitoka nje nikaosha uso bombani. Alfonsi alikuwa anauchunguza mti wa uani kwa makini sana. Ulikuwa mpapai.

Kisha tukaanza kukusanya zile orodha. Arobaini zilitoka, arobaini zirudi. Hiyo ilikuwa amri ya Alfonsi, siyo ya mkuu. Tulitembea, tulipanda baiskeli, tulidandia lori la pamba. Moja ilikuwa imebandikwa mlango wa kanisa chini ya ratiba ya misa. Moja ilifunika mtungi. Moja mzee mmoja alikuwa ameivuta yote na tumbaku isipokuwa namba moja mpaka tatu, ambazo zilikuwa sahihi, tukamwachia. Katibu mmoja akakataa kabisa kutoa yake: ilikuja na muhuri, itaondoka na muhuri. Alfonsi akaniamuru niandike barua ya kufuta barua, nikaiandika kwenye goti, akaigonga kwa kizibo cha chupa ya wino. Katibu akaisoma, akaridhika, akatukabidhi orodha yake na maji ya kunywa.

Tulipata thelathini na tisa, kwa kumhesabu yule mvuta tumbaku. Ya arobaini hatukuiona. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia nyumba ya mtu, natazama kuta kwanza.

Baada ya hapo nilidhani kazi imekwisha. Alfonsi akasema ndiyo inaanza. Tukarudi kijijini kwa Mwalimu, tukakaa chini na wanawake wanaochimba: Mama Kristina na wenzake wa Kipimbwe, Wabende wawili waliohamishwa kutoka milimani, Mkonongo mmoja, na Msukuma mmoja mfugaji aliyekuja kusikiliza tu na akaishia kuzungumza kuliko wote. Tuliweka viazi viwili katikati. Kisha nikalitaja lile jina, na ukazuka ugomvi ambao sijauona tena maishani. Kila upande ulidai kwamba jina ni lake na mwenzake ameliiba.

Mimi sikudai chochote, nilishika penseli yangu. Nilikuwa nimepata somo.

"Nyie mnagombania jina," hatimaye akasema Mama Kristina. "Njooni niwaonyeshe."

Akatupeleka kichakani. Majani hakuna, zimebaki kamba kavu tu zilizojisokota kwenye miti. "Sisi hatuangalii jani," akasema. "Jani linadondoka. Tunaangalia kamba. Hii imejizungusha kwenda kulia. Hiyo, kwenda kushoto. Hawa hawajawahi kubadilishana tangu Mungu aumbe." Akaipigapiga ile kamba ya kwanza. "Wa kulia ni wa kula. Wa kushoto, mtoni siku tano."

Alfonsi alisimama pale kama mtu aliyeambiwa jina la baba yake. Miaka yote ile ya kazi, alikuwa hajawahi kuiangalia kamba. Akavua kofia. "Yusta, andika," akasema. "Na andika nani amesema."

Nikaandika. Kwa kila kiazi niliandika jina kwa Kibende, kwa Kipimbwe, kwa Kikonongo, na mbele ya kila jina, mtu aliyelitaja na kijiji alichotoka. Hakuna mstari niliouacha wazi. Ilibidi nigeuze kibandiko nyuma. (Na nyie msiende kuchimba kwa sababu mmenisoma mimi. Nendeni mkamuulize mtu wa mahali hapo, naye mkamuulize anasema kwa lugha gani.)

Orodha mpya ilikuwa na picha alizochora Alfonsi na majina yote, kila lugha na lake. Lakini katika kijiji kile haikubandikwa hivihivi. Mwalimu Theofili alikuwa amerudi nyumbani, anatembea na fimbo. Akaisoma orodha mwanzo mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mara ya kwanza nilisoma nikala," akasema. "Safari hii dada aliyeandika ndiye atakula. Sisi tutasoma."

Nikasema ni haki.

Kiazi nilikichimba mwenyewe, na Mama Kristina akanishika bega mara mbili kunigeuza niitazame kamba vizuri. Nilikimenya na kukichemsha kwenye jiko la Anna. Saa sita mchana wakakusanyika uani: katibu, akina mama, nusu ya shule. Mama mkwe alikaa mlangoni pa jiko, amempa mkwewe mgongo kama adabu inavyotaka, lakini shingo imegeuka. Nikaketi kwenye mkeka, sahani mbele yangu, nikafanya ishara ya msalaba. Nilitafuna. Nilijua ni kile cha jani zima, nilijua ni cha kulia, nilikuwa nimekiandika kwa lugha tatu, na bado koo langu lilikuwa linaniambia limeanza kuwasha.

"Meza," akasema Mwalimu.

Nikameza.

"Endelea."

Nikamaliza vipande vitatu. Mwalimu akatazama saa yake. Tukakaa. Katibu akajaribu kuanzisha mazungumzo kuhusu bei ya pamba. Alfonsi alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta wa jiko, macho hayanibanduki, na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba kofia hakuwa ameivaa kabisa, ameishika mikononi kama mtu aliye msibani.

Baada ya muda Mwalimu akauliza, "Kwenye hicho kibandiko chenu, pana mahali pa kuandika jina la aliyekula?"

"Hapana, Mwalimu."

"Weka."

Nikachukua penseli nikaandika pembeni: Kimeliwa na Yustina, mchana, mbele ya watu. Mzima.

Nilikuwa bado naandika Anna alipoondoka mlangoni kwa mama yake, akaja polepole, mkono mmoja mgongoni, akaketi mkekani upande wangu. Akachukua kipande sahanini.

"Anna!" Mwalimu akainuka na fimbo yake. "Ngoja kwanza!"

"Nimengoja," akasema Anna. "Nina njaa, na huyu ndani ana njaa." Akakiweka kinywani.

Nilimtazama taya lake likipanda na kushuka. Niliitazama shingo yake alipomeza. Akachukua cha pili.

"Binti," mama mkwe akaniita kutoka mlangoni. "Acha kumkodolea mwanangu macho. Mpe chumvi."

Kibakuli cha chumvi kilikuwa karibu na goti langu. Nilikiinua kwa mikono miwili ili nimpe kwa heshima, na nusu yake ikamwagika mkekani. Anna akaichota kwa kidole chake palepale ilipomwagikia, akaendelea kula.